Vietnam au Australia: nani anavuna hela zaidi kwenye chipsi za mbao, na wewe uige njia ya nani

Tuanze na jibu la mwenye haraka: ni Vietnam, na pengo ni kubwa. Mwaka 2022 Vietnam iliuza nje kama tani milioni 15.8 za chipsi za mbao ikaingiza kama dola za Kimarekani bilioni 2.8, huo ndo mwaka wao wa juu mpaka wakati huo, na hata 2023 bei zilipolegea bado walipata kama bilioni 2.2. Australia kwenye miaka yake mizuri kabla ya 2020 ilikuwa inavuka bilioni moja, tena hiyo ni dola ya Australia, ukiipeleka kwenye dola ya Kimarekani inapungua kama robo au zaidi. Kwa hiyo kama ulikuwa unataka tu kujua nani wa kwanza umeshapata.

Ila mi nadhani jumla peke yake inadanganya watu wengi, hasa mtu mwenye ardhi au aliye kwenye ushirika wa wapanda miti, au yule anayeshauri wengine, anaangalia hizi nchi mbili anajiuliza aige ipi. Huyo akisoma bilioni 2.8 anakimbilia kupanda akasia. Na mimi naomba asikimbie kwanza, aangalie ile hela inamfikia nani, baada ya miaka mingapi, na nini kinaweza kuifuta njiani. Hapo ndo hizi nchi mbili zinaachana kabisa.

Kwa asiyezijua, chipsi ninazosema hapa ni mti uliomenywa gome ukapitishwa kwenye mashine ukatoka vipande vidogo vyembamba, vinamwagwa tu kwenye tumbo la meli kama nafaka, vinaenda kupikwa kiwandani mpaka inatoka rojo ya kutengenezea karatasi na tishu. Mbele nitagusa na mabaki, yaani yale mengine yote: maranda, vumbi la msumeno, magome, makombo ya kiwanda cha kupasua mbao.

Sasa kabla hujaweka nchi hizi mbili kwenye karatasi moja, kuna mitego kwenye namba na nimeona watu wazima wenye digrii zao wakinasa. Wa kwanza ni ile namba ya forodha 4401, yaani namba ya kundi la bidhaa. Hiyo inabeba kuni, chipsi, vumbi la msumeno na peleti (vumbi la mbao lililoshindiliwa kuwa vipande vidogo vya kuchoma) zote kwa pamoja, na Vietnam ni muuzaji wa pili wa peleti duniani baada ya Marekani, mwaka 2022 peleti peke yake ziliwaingizia karibu dola milioni 800. Ukichukua 4401 nzima ukaiita "chipsi" unawapa Vietnam mamia ya mamilioni ambayo ni ya biashara nyingine kabisa, yenye wateja wengine, maana peleti zinachomwa kwenye mitambo ya umeme Korea Kusini na Japani wala hazina uhusiano na karatasi. Unatakiwa ushuke mpaka tarakimu sita: 4401.21 ni chipsi za miti laini kama misonobari (paini), 4401.22 ni za miti migumu kama akasia na mikaratusi, 4401.31 ndo peleti.

Mtego wa pili ni maji. Mti uliokatwa jana karibu nusu ya uzito wake ni maji, kwa hiyo hii biashara inalipana kwa tani kavu kabisa, yaani wanachukua sampuli, wanaikausha kwenye oveni mpaka isipungue tena, ndo wanapiga hesabu ya mzigo mzima. Tani moja kavu ni kama tani mbili mbichi. Ukikuta ripoti moja inaongea tani kavu na nyingine tani mbichi ukagawanya hela kwa tani, utaona nchi moja inalipwa mara mbili ya mwenzake kumbe ni maji tu. Wa tatu ni mwaka wenyewe, Australia takwimu nyingi za misitu zinaenda na mwaka wa fedha unaoanza Julai mpaka Juni, Vietnam wanahesabu Januari mpaka Desemba. Kwenye mwaka ambao bei imeruka au imeanguka katikati hiyo tofauti inaharibu kila kitu.

Ukishasafisha hayo ndo unaanza kuona vizuri. Na kitu cha kwanza kilichonishangaza kwenye ule mwaka wa kilele wa Vietnam ni hiki: 2021 waliuza kama tani milioni 13.6 kwa kama dola bilioni 1.7, mwaka uliofuata tani 15.8 kwa bilioni 2.8. Mzigo uliongezeka kama asilimia 16, hela ikaongezeka zaidi ya asilimia 60. Yaani sio kwamba walikata miti mingi sana, ni bei iliyopanda. Bei ya rojo ya karatasi ilikuwa juu dunia nzima, alafu Machi 2022 Urusi ikazuia magogo na chipsi kwenda kwa nchi inazoziita zisizo rafiki, Japani ikiwemo, viwanda vikaanza kugombania mzigo uliopo. Gawanya mwenyewe: 2021 ni kama dola 125 kwa tani, 2022 kama 177, 2023 ikarudi kwenye 150 na kitu. Mtu aliyepanda mwaka 2022 kwa kuona ile bei, mti wake haujakomaa bei ikawa imeshashuka.

Sasa Australia. Hawa ndo wakongwe. Walianza kupeleka chipsi Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970, kutoka Eden kule New South Wales na kutoka Tasmania, na wakati huo malighafi ilikuwa msitu wa asili, mikaratusi mikubwa ya miaka mingi, na ugomvi kati ya wakata miti na watetezi wa misitu ulianza hapohapo na haujawahi kuisha. Kwa miaka mingi walikuwa namba moja duniani kwenye chipsi, mpaka Vietnam ilipowapita mwanzoni mwa miaka ya 2010.

Walivyohama kutoka msitu wa asili kwenda mashamba ya kupanda ni habari ambayo kila mtu anayetaka kuchangisha hela za miti angetakiwa aijue. Miaka ya 1990 na 2000 kulikuwa na mifuko ya uwekezaji ambayo daktari wa Sydney au mwalimu wa Melbourne analipia kipande cha shamba la mkaratusi wa bluu, pesa yote hiyo inaondolewa kwenye mapato yake yanayotozwa kodi mwaka huohuo, kampuni inapanda na kutunza kwa niaba yake, baada ya miaka kama 10 wanavuna wanagawana. Hela ikamiminika. Mashamba ya miti migumu yakafika karibu hekta milioni moja nchi nzima. Shida ni kwamba miti ilikuwa inapandwa ili mtu apate nafuu ya kodi, sio kwa sababu pale panafaa mti, kwa hiyo wakapanda mpaka sehemu ambazo mvua haitoshi na sehemu ambazo ziko mbali na bandari, na maeneo mengi yakaja kutoa mavuno madogo kuliko yale yaliyoandikwa kwenye vipeperushi. Mwaka 2009 kampuni kubwa mbili za mtindo huo, Timbercorp na Great Southern, zilianguka ndani ya wiki chache, Aprili na Mei, na maelfu ya watu wa kawaida, wengine waliokopa benki kununua hivyo vipande, wakabaki na deni. Kampuni ya miti ya Gunns ya Tasmania nayo ikafuata 2012.

Hii inauma kwa sababu miti yenyewe ilikuwepo. Haikuwa hewa. Wale waliokuja kununua mashamba kwa bei ya chini baada ya anguko, mifuko mikubwa ya uwekezaji ya kimataifa, ndo waliokuja kuvuna kwenye ile miaka ya neema ambapo Australia ilivuka bilioni. Waliolipia kupanda sio waliolipwa. Kwa hiyo ukisoma mapato ya Australia ya 2018 au 2019 unasoma hela iliyoenda kwa mkono wa pili.

Na mashamba mengine mengi yalipovunwa hayakupandwa tena, yakarudi kuwa malisho ya ng'ombe na kondoo, kwa hiyo eneo la miti migumu limekuwa likipungua tangu wakati huo. Ongeza na msitu wa asili: jimbo la Victoria na Australia Magharibi zote zilifunga ukataji wa kibiashara wa msitu wa asili kuanzia Januari 2024. Kwa mtazamo wa mazingira mi naunga mkono, lakini kwa hesabu za mapato maana yake ni kwamba Australia haina pa kuongezea mzigo kwa haraka, hata bei ikipanda kesho.

Vietnam ilipita njia tofauti kabisa na hapa ndo panastahili kukaa muda mrefu. Kule ardhi ni ya taifa, lakini sheria ya ardhi ya 1993 iliruhusu kaya kupewa haki ya kutumia ardhi ya misitu kwa miaka 50, wanaandikishwa kwenye kile kitabu chao chekundu, yaani hati ya ardhi, wanaweza kurithisha, kuhamisha, na kuweka dhamana benki. Serikali ilikuwa na programu za kurudisha miti kwenye vilima vilivyobaki upara, ile ya 327 ya mwaka 1992 na ile ya 661 ya mwaka 1998 yenye lengo la hekta milioni tano. Matokeo yake ni zaidi ya kaya milioni moja zenye mashamba ya miti, wengi hekta moja, mbili, tatu. Mzee ana kilima nyuma ya nyumba, anapanda akasia, anasubiri miaka minne mpaka sita, anakuja mnunuzi na lori, wanakubaliana bei, shamba linakatwa, mwezi unaofuata anapanda tena.

Na sasa nikwambie kitu ambacho mi naona ndo kiini cha ulinganisho wote. Ile akasia haikutoka Vietnam. Acacia mangium na Acacia auriculiformis asili yake ni kaskazini mwa Australia, Papua New Guinea na visiwa vya jirani vya Indonesia. Mbegu na utaalamu viliingia Vietnam kwa miradi ya utafiti ambayo Australia yenyewe ilishiriki, kupitia mashirika yake ya utafiti, CSIRO na ACIAR. Chotara wa hizo mbili anakua haraka kuliko wazazi wake, watafiti wa Vietnam wakachagua waliokua vizuri zaidi kule Ba Vi miaka ya 1990, wakazalisha miche ya vipandikizi, zile BV10, BV16 na BV32, zikasambaa mpaka kwenye vitalu vya vijijini. Kwa hiyo mti wa Australia, uliopandwa na mkulima mdogo mwenye kitabu cha ardhi mkononi, ndo ulioishinda Australia sokoni. Mti sio siri. Siri ni nani ana haki kwenye ardhi iliyo chini ya mti.

Ila nisiipambe Vietnam kupita kiasi maana kuna mahali Australia inawazidi waziwazi, na mahali penyewe ni ubora. Mkaratusi wa bluu wa miaka 10 mpaka 15 una mbao nzito, tani moja kavu inatoa rojo nyingi na inakaa kwenye sehemu ndogo ya mtungi wa kupikia, na kiwanda kinalipia hicho. Akasia ya miaka minne bado changa, nyepesi, na mzigo unatoka kwa mamia ya wakulima tofauti kwa hiyo umri umechanganyika na gome halijatoka lote. Ndo maana kwa kawaida chipsi za mkaratusi wa bluu zinalipwa bei ya juu kwa tani kuliko za akasia ya Vietnam. Japani kwa mfano wanapenda mzigo wenye cheti cha FSC (shirika la kimataifa linalothibitisha kwamba msitu unatunzwa vizuri), wenye ubora usiobadilika meli kwa meli, na Australia yenye mashamba makubwa ya mmiliki mmoja inaweza kuahidi hilo kwa urahisi zaidi. Vietnam wanavyo vikundi vya wakulima wenye cheti, vinaongezeka, na mkulima wa kikundi anayeacha mti ukae zaidi analipwa vizuri zaidi, lakini kuwakusanya watu mia tatu wenye hekta mbilimbili wafuate utaratibu mmoja na karatasi moja sio kazi ya mchezo. Na cheti kikichezewa kinaumiza wote: mwaka 2022 FSC ilimsimamisha msafirishaji mmoja mkubwa wa peleti wa Vietnam kwa kudai mzigo una cheti wakati hauna, wanunuzi wa Japani wakaanza kuuliza maswali hata kwa wale wasiohusika.

Alafu umbali. Meli ikitoka bandari za Vietnam kama Quy Nhon au Dung Quat au Cai Lan kule Quang Ninh, kusini mwa China ni siku chache tu. Ikitoka Portland jimbo la Victoria, au Albany na Bunbury upande wa magharibi, au Burnie Tasmania, ni safari ya wiki mbili au zaidi. Chipsi ni mzigo mwepesi unaokula nafasi, ndo maana kuna meli maalum zenye matumbo makubwa, kwa hiyo nauli inauma kuliko kwenye makaa au madini. Sasa angalia kitu: takwimu za mapato ya kuuza nje kwa kawaida zinahesabu bei ya bandarini pa kuondokea, nauli haimo. Mnunuzi yeye anajumlisha vyote. Kwa hiyo muuzaji wa mbali anapata bei nzuri bandarini kama tu ubora wake unafidia nauli, na siku mafuta ya meli yakipanda yeye ndo anabanwa kwanza.

Kwa upande wa wateja wote wawili wamekaa vibaya, ila Vietnam vibaya zaidi. Zaidi ya nusu ya chipsi zake zinaenda China, kwenye viwanda vikubwa vya rojo vya pwani kama vile vya Shandong, Guangxi na Hainan, na sehemu kubwa ya zinazobaki zinaenda Japani. Viwanda vya China vikishusha uzalishaji au vikitumia zaidi miti ya ndani, bei kwa mzee wa Quang Ngai, mkoa wa pwani ya kati ya Vietnam, inashuka wiki hiyohiyo, wala hana pa kuupeleka mti uliokatwa. Australia nayo inategemea haohao wawili, na ilishaonja upande wa magogo, mwisho wa 2020 China ilizuia magogo ya Australia kwa sababu ya wadudu, ikaja kufungua Mei 2023. Chipsi hazikuwemo kwenye zuio hilo lakini nadhani kila muuzaji alielewa ujumbe.

Majanga. Vietnam ni upepo, Australia ni moto. Pwani ya kati ya Vietnam inapigwa na vimbunga karibu kila mwaka na akasia ni mti unaovunjika kirahisi, kwa hiyo mkulima anayekata akiwa na miaka minne sio mjinga wala hana haraka ya hela tu, anakwepa upepo wa mwaka wa saba. Septemba 2024 kimbunga Yagi kiliingilia kaskazini, Quang Ninh na jirani zake, kikalaza misitu ya kupanda kama hekta 170,000. Mtu aliyesubiri mti unenepe ili aupeleke kiwanda cha fanicha aliupoteza wote, aliyevuna mwaka uliotangulia alikuwa na hela yake benki. Serikali ya Vietnam kwa miaka mingi inawasihi wakulima waache miti ifike miaka 10 na zaidi, maana gogo nene la kupasua mbao linalipa vizuri kuliko chipsi na nchi ina biashara kubwa ya mbao na fanicha inayohitaji magogo, ndo maana 2016 waliweka ushuru wa asilimia 2 kwenye chipsi zinazotoka nje ili kuzipunguzia mvuto. Mapato yalishuka kidogo mwaka huo, baadaye yakapanda kuliko mwanzo. Mimi nawaelewa wote, serikali ina hesabu sahihi kwenye karatasi, mkulima ana hesabu sahihi kwenye kilima chake, na mpaka kuwe na bima ya miti inayomfikia mtu wa hekta mbili sioni huyo mkulima akibadilika.

Kuna na jambo la VAT ambalo haliongelewi sana. Mwaka 2022 na 2023 wasafirishaji wa chipsi na peleti wa Vietnam walilalamika kwamba marejesho ya kodi yanachelewa, kwa sababu mamlaka inataka kufuatilia mti mpaka kwa kaya iliyoupanda, na mti umepita mikono mitatu minne kabla ya kufika bandarini. Hela ya msafirishaji ikikwama hana mtaji wa kununua, bei ya shambani inashuka. Hiyo ndo gharama ya kuwa na wakulima milioni moja: kila mmoja ni karatasi. Australia hawana hilo tatizo kabisa.

Kwenye mabaki nitapita haraka, maana hela ni ndogo zaidi ila funzo lipo. Australia sehemu ya chipsi inazouza ni za paini, zinatoka kwenye mabaki ya viwanda vya kupasua mbao, ile pembezoni ya gogo isiyotoa ubao, zinaenda kupitia bandari kama Portland. Miti imepandwa kwa ajili ya ujenzi wa nyumba, chipsi ni nyongeza, kwa hiyo bei ikianguka kiwanda hakifi. Vietnam maranda na makombo ya viwanda vya fanicha ndo yalikuwa msingi wa peleti, na hapo kuna mtego mwingine, mauzo ya fanicha kwenda Marekani yakishuka makombo yanapungua, watengeneza peleti wanaingia kugombania akasia ileile ya chipsi. Mabaki yana thamani pale tu biashara kuu iliyo juu yake inapokuwa hai.

Sasa uchague nini. Kama una ardhi ndogo na hela ya nyumbani inatakiwa irudi ndani ya miaka mitano, njia ya Vietnam ndo yako, lakini chukua na kile walichokikosa: usipande aina moja ya mche kilima kizima kwa sababu ugonjwa mmoja wa mizizi au wa mnyauko unamaliza vyote, na kule akasia ya mzunguko wa tatu kwenye udongo uleule umeshaanza kuonyesha magonjwa hayo. Kata shamba kwa vipande, theluthi moja ivunwe mapema kwa chipsi, inayobaki isogezwe mpaka iwe magogo kama hakuna upepo mkali kwenu. Na jiungeni kwenye kikundi chenye cheti kabla ya mnunuzi kuwadai, kwa sababu akishadai ninyi ndo mnakuwa na haraka.

Kama wewe ni mfuko wa pensheni au kampuni yenye hekta elfu kumi na subira ya miaka 12, Australia ya leo, sio ile ya 2005, inaonyesha inavyofanyika: ardhi yenye mvua ya kutosha, mti mzito, mteja wa Japani mwenye mkataba mrefu, paini pembeni ili mabaki yalete hela ya ziada. Ila mtu akikujia na karatasi inayosema faida yako kubwa ni punguzo la kodi na sio mti, simama hapohapo, hiyo ni 2009 inabisha hodi tena.

Kama wewe ni mtu wa sera unayeangalia mapato ya nchi kwa jumla, basi usianze na kiwanda cha kukata chipsi. Anza na hati ya ardhi. Vietnam hati ilikuja 1993, chipsi zikaanza kuondoka kwa wingi miaka ya 2000, bilioni ya kwanza ikapatikana katikati ya miaka ya 2010. Hiyo ni miaka 20 na zaidi kati ya sheria na bilioni, wala sioni namna ya kuiruka.

Na wote watatu, kabla ya mche wa kwanza, pimeni njia mpaka gatini. Kisiwa cha Kangaroo, Australia Kusini, kilipandwa maelfu ya hekta za mkaratusi wa bluu enzi zilezile za mifuko ya kodi, na kisiwa hakikuwa na bandari ya kupakia meli ya chipsi. Miti ikakua vizuri, ikakomaa, ikapitiliza, kampuni ikahangaika miaka kutafuta kibali cha kujenga gati Smith Bay. Kiangazi cha 2019 kuelekea 2020 moto ukapita ukaunguza karibu shamba lote. Miti mingi iliyoungua bado ilikuwa na mbao ndani inayouzika kama ingetoka haraka, lakini Agosti 2021 serikali ya jimbo ikakataa gati. Wenye shamba wakaamua kung'oa miti na kuirudisha ardhi kwenye kilimo na malisho.